Elementi Haba katika Tangi la Maji ya Bahari

Mfugaji wa samaki na matumbawe katika tangi la kioo nyumbani huambiwa na wauzaji kwamba elementi haba, yaani zile zipatikanazo baharini kwa kiasi kidogo mno, hupungua siku hadi siku, na kwamba hana budi kuziongeza kwa matone kila juma: iodini, chuma, manganizi na nyinginezo. Kwamba hupungua ni kweli. Kwamba ziongezwe kwa kukisia ni jambo jingine kabisa.

Yafaa kuanza na hesabu, ambayo mwanafunzi aweza kuifanya mwenyewe. Tangi la lita 200 lenye maji yaliyo sawa na ya bahari huwa na kalsiamu karibu gramu 80. Matumbawe hujengea mifupa yao kwa kalsiamu hiyo. Upungufu wake hupimika kwa kemikali za bei nafuu, na mfugaji akiongeza, ajua aongezacho. Iodini je? Bahari ina miligramu 0.06 tu katika lita moja. Tangi zima lina miligramu 12, uzito usiofika punje moja ya mchele. Mkono ukiteleza kidogo, kiasi hicho kimekwisha kuwa maradufu, wala jicho halioni tofauti yoyote.

Shaba ni hatari zaidi. Viumbe huihitaji, lakini baharini haifiki hata miligramu 0.001 katika lita. Ikifika 0.2 huwa dawa ya kuulia vimelea vya samaki. Samaki wengi huivumilia, bali kamba, konokono na matumbawe hufa. Tena chakula cha samaki nacho huleta metali hizi kila siku, jambo ambalo maandishi ya chupani hayalitaji.

Kubadili lita 20 kila juma kwa maji safi ya bahari, au ya chumvi iliyotengenezwa vizuri, hurudisha kilichopungua na kupunguza kilichozidi. Chupa haiwezi hilo la pili. Tangi lililojaa matumbawe yanayokua upesi laweza kweli kuhitaji zaidi. Hapo sampuli na ipelekwe maabara yenye spektrometa, na dozi ifuate majibu. Ama mwalimu wa kemia mwenye tangi darasani angefanya vyema kuifungia chupa kabatini, hata wanafunzi wake wawe wamepima kalsiamu kwa muhula mzima na kuichorea grafu.