Mpunga unaliwa, mtoto anachemka

Katika Bonde la Kilombero, mkoani Morogoro, mpunga ukianza kuweka maziwa familia nyingi huhamia shambani. Hulala kwenye madungu, mbali na zahanati, na kazi ya kutwa ni kufukuza ndege.

“Wifi, mtoto anachemka tangu jana usiku,” anasema mama mmoja huku akivuta kamba yenye makopo.

“Umempa nini?”

“Panado. Ikiisha nguvu, joto linarudi.”

“Nina dawa mseto ya mwanangu ilibaki. Siku ya pili alipoanza kucheza nikaacha kumpa, nikaweka akiba. Mpe hiyo.”

Mama ananyamaza. Zahanati ni mwendo wa saa mbili kwa miguu. Baba mtoto yuko kijijini, nauli ya bodaboda hakuna, na deni la trekta linasubiri mpunga huohuo.

“Nikienda, jioni nitakuta mabua matupu.”

Ni rahisi kumwita mzembe ukiwa umekaa mjini. Sera ya Afya ya 2007 inataka mtoto wa chini ya miaka 5 atibiwe bure katika vituo vya Serikali, lakini haimlipii nauli, wala haimfukuzii ndege.

Hata hivyo, dawa ya akiba ni hatari. Dawa mseto hutolewa kwa uzito wa mtoto, mara mbili kwa siku kwa siku 3, na humalizwa hata akipata nafuu. Tena, bila kipimo hakuna anayejua kama homa ni malaria au nimonia.

Wifi mtu anatazama mashamba mawili, kisha anasema, “Mbebe uende. Nitafukuza kwako na kwangu. Siku yangu ikifika, na wewe utanishikia.”

Kipimo kilionyesha malaria, na mtoto akapewa dozi kamili. Kona moja ya shamba ililiwa.

Mzazi, kabla ya kuhamia shambani, kubaliana na jirani nani atashika zamu mtoto akiugua. Beba chandarua na kadi ya kliniki, na nauli iwekwe pembeni. Homa ya mtoto isipite siku moja bila kipimo. Akishindwa kunyonya au kunywa, akitapika kila kitu, akipata degedege au akilegea, ondoka saa hiyohiyo, hata kama ndege wameshuka.