Hotelini chupa ya mvinyo iko na jina, mchoraji hana

Lubumbashi. Wageni wengi wanaofika katika mji wetu siku hizi wanapenda kulala katika hoteli ndogo zilizojaa tablo na sanamu. Wanasema huko ndiko wanakoonja Katanga. Sawa. Lakini mimi nasema hivi, tena nasema wazi: hoteli inayouza usiku kwa sababu ya tablo zilizo ukutani, na haiandiki jina la aliyezichora, inakula jasho la mtu. Na sisi wakaaji wa mji tunaangalia tu.

Mwezi uliopita nililala siku mbili katika mojawapo ya hoteli hizo, katikati kabisa ya mji. Shirika moja lilituita waandishi wa redio kwa mafunzo, na ndilo lililolipa. Kwa feza yangu nisingefika, maana bei ya usiku mmoja inakaribia posho yangu ya mwezi. Jina la hoteli sitalitoa. Haiko peke yake katika mambo haya, na sitaki watu wadhani ni ugomvi wangu na mtu mmoja.

Tuseme ukweli, nyumba ni nzuri. Nje kuna honi za taksi, wabadilisha dola na bunda zao za franga juu ya meza, wauza krediti ya simu, watu wanapigania nafasi ya kuweka mguu. Ukivuka lango, kelele inabaki nyuma yako. Ndani kuna bustani, shaba iliyogongwa kwa nyundo, malakiti, sanamu za Kiluba na za Kihemba, na tablo kila mahali: ngazini, sebuleni, hata karibu na choo. Usiku umeme ulipokatika, jenereta iliingia mara moja na taa ndogo zilizo juu ya tablo zikawaka tena. Barabara yenyewe ilibaki giza hadi asubuhi, lakini hiyo ni habari ya siku nyingine.

Ngazini nilisimama mbele ya tablo moja. Nyoka, ndege, na nyuma yao majani madogo na nukta zimejaza kitambaa chote, hakuna mahali patupu. Mtu yeyote wa Lubumbashi aliyewahi kukanyaga Akademia anaijua njia hiyo. Ni njia ya Pilipili Mulongoy. Je, ni mkono wake mwenyewe, ni wa mtu aliyejifunza kwake, ao ni wa kijana aliyeiga mwaka jana? Niliuliza kijana wa mapokezi. Alinijibu kwa heshima: "Papa, ile ni tablo ya zamani. Bosi ndiye anajua." Bosi alikuwa safarini.

Jioni wakaleta orodha ya mvinyo, na hapo ndipo hasira ilinishika. Kila chupa imeandikwa jina la shamba, jina la eneo la Ufaransa ao la Afrika Kusini, na mwaka zabibu zilipovunwa. Kahawa imeandikwa kwamba imetoka Kivu. Sabuni ya bafuni iko na jina la aliyeitengeneza. Zabibu za mbali ziko na jina na mwaka. Mtu aliyefanya kazi yake hapa hapa, na ambaye watoto wake pengine wanapita mbele ya lango hilo kila siku, hana hata kikaratasi.

Tena hawa si watu wasiojulikana. Mwaka 1946 Mfaransa Pierre Romain-Desfossés, aliyekuwa ofisa wa jeshi la majini, alianzisha atelie hapa, wakati mji ungali unaitwa Elisabethville. Watu waliiita Hangar. Humo ndimo alimotoka Pilipili. Humo alitoka Mwenze Kibwanga, aliyejenga watu na wanyama kwa mistari midogo midogo ya rangi, na Bela, mtu wa Chad aliyekuwa akimtumikia Romain-Desfossés, ambaye alichora kwa ncha za vidole vyake. Mwaka 1951 Laurent Moonens alianzisha Akademia, na watu wa Hangar wakaingizwa humo baada ya mkubwa wao kufa mwaka 1954. Mwaka 2015 kazi zao zilionyeshwa Paris, katika maonyesho ya Fondation Cartier yaliyoitwa Beauté Congo, pamoja na majina yao. Paris! Halafu mgeni anavuka bahari, anafika kwenye mji wenyewe, na anakuta nyoka asiye na baba.

Na Tshibumba Kanda-Matulu je? Miaka ya 1970 alichora historia ya nchi yetu juu ya kitambaa cha magunia ya unga, akamweleza Johannes Fabian tablo moja moja kwa Kiswahili chetu hiki hiki, huku kinasa sauti kikizunguka. Tablo hizo, zaidi ya mia moja, leo ziko Amsterdam. Yeye mwenyewe alipotea mwanzoni mwa miaka ya 1980, na alikoishia hakujulikani. Lakini jina lake linasomeka mpaka leo kwa sababu alilipaka mwenyewe kwa rangi juu ya tablo, pamoja na kichwa cha habari. Hakuna fremu wala bosi anayeweza kulitoa.

Najua watakachosema wenye hoteli. Hoteli si makumbusho. Ni kweli, na sioni kosa mtu kupamba nyumba yake. Ukitundika tablo chumbani kwako ukalala chini yake, ni mambo yako. Lakini ukiitia katika matangazo yako na katika bei ya chumba, imekuwa bidhaa yako, na bidhaa iko na aliyeitengeneza.

Watasema pia: tulinunua, tulilipa, imekwisha. Haijaisha. Sheria yetu ya tarehe 5 mwezi wa 4 mwaka 1986 juu ya haki za watunzi inamlinda mtu aliyebuni kazi hata baada ya kazi kuuzwa. Ulinunua kitu. Haki yake ya kutajwa hukuinunua. Ukinunua gunia la makala, muuzaji hadai jina lake liandikwe kwenye jiko lako. Tablo si makala.

Na wengine watajibu kwamba tablo haina sahihi, ililetwa na mtu mwenye kuzungusha mizigo, hawamjui mchoraji. Hiyo ndiyo inayonitisha kuliko zote. Tablo isiyo na sahihi inaweza kuuzwa kama ya zamani. Yenye sahihi ya kijana wa Katuba haiwezi. Basi kijana anafundishwa na soko kuficha jina lake na kurudia nyoka wa mzee, kwa sababu nyoka bila jina ndiye anayelipa jioni hiyo. Hivyo mzee anaibiwa, kijana haanzi kamwe kuwa yeye mwenyewe, na mgeni analipia asichokijua. Anayefaidika ni wa katikati.

Dawa si ngumu. Karatasi moja chini ya kila tablo: jina, mwaka, mji. Kama jina halijulikani, andika kwamba halijulikani, na uanze kulitafuta pale Akademia, wazee bado wako. Kama mchoraji yuko hai, weka namba yake ya simu mapokezini, mgeni akipenda amwite. Na siku moja kwa wiki lango lifunguliwe kwa wanafunzi wa Akademia, maana leo mlinzi akimwona kijana na rangi kwenye suruali anamrudisha barabarani. Wakubwa wanaokagua hoteli wanahesabu vitanda na kuchungulia jikoni. Waongeze mstari mmoja kwenye fomu yao.

Sisi hatutangojea fomu hiyo. Kama baba yako, mjomba wako ao wewe mwenyewe uliuza tablo kwa hoteli ya mjini, leta habari kwenye redio yetu: jina la mchoraji, mwaka, tablo inaonyesha nini, iliuzwa kwa nani. Ukiwa na picha kwenye simu, ni vizuri zaidi. Tutasoma majina hewani, komini kwa komini, kuanzia Kenya na Kamalondo hadi Ruashi. Na nakala ya orodha nitaipeleka mwenyewe mapokezini, hoteli kwa hoteli.