Tuache kuunguza plake mu mbabula

Vijana wenzetu wa Lubumbashi,

Wiki iliyopita, mu Katuba, nilikuta batoto batatu nyuma ya nyumba. Baliweka plake ya televisheni juu ya mbabula, banangoja etaini iyeyuke, kisha banagonga plake chini ili piyesi zianguke. Moshi ilikuwa nyeusi. Mudogo kabisa alikuwa anakohoa.

Mimi nilimaliza chuo kikuu mu elektroniki, iko miaka mbili sasa, kazi hakuna. Kila siku naenda kwa yaya mumoja mwenye kutengeneza radio. Yeye njo alinionyesha kile ambacho ku masomo tulionyeshwa kwa chaki tu: kutoa piyesi bila kuiua.

Etaini ya zamani, yenye risasi ndani, inayeyuka ku digri 183. Ile mpya, bila risasi, inaomba karibu 217. Ulaya ilikataza risasi mu vyombo vingi vya elektroniki tangu mwezi wa 7, 2006, njo maana plake za sasa ni nguvu kufungua. Basi yaya anaongeza kwanza etaini kidogo ya zamani, ichanganyike na ile ngumu, iyeyuke upesi. Halafu anavuta na pompe. Penye panabakia, analaza tresi ya shaba, anaweka feri juu, na shaba inakunywa etaini. Sekunde tatu, ine, anatoa mukono. Ukikawia, njia ya shaba inabanduka, plake imekufa.

Mbabula haijue digri. Inaua piyesi, na risasi inabakia mu majivu, mu udongo wenye batoto banachezea. Risasi inaharibu akili ya mutoto, na yenye imeharibika hairudi.

Wengine watasema: batoto banatafuta mukate, mubaache. Ni kweli, njaa haingoje. Lakini piyesi yenye ilitolewa vizuri inauzishwa na inafanya kazi tena. Yenye iliungua inauzishwa kwa kilo, kama takataka.

Katiba yetu ya 2006, artikle 53, inasema kila mutu eko na haki ya mazingira safi. Basi tunaomba wakuu wa komini na wa jimbo:
- atelie moja mu kila komini, na feri, pompe na madirisha makubwa;
- pahali pa kupeleka plake za zamani;
- umeme. Ikikatika, feri inapoa, na mbabula inashinda.

Na sisi wenye diplome, tusikae tu tukingoja. Siku ya posho ntaita bale batoto batatu. Feri iko moja, pompe moja. Tutafungua mulango, tutanawa mikono mbele ya kula, na kila mumoja atatoa piyesi yake ya kwanza ikiwa nzima.

Wewe mwenye kusoma hii, uko na feri ku nyumba? Kuya nayo.