Bodaboda Haina Rejeta

Niseme ubaya wangu mapema, usije ukadhani nahubiri: mimi nilinunua mfumo wa kupoza kompyuta kwa maji ili watu wauone. Mdomoni nilikuwa na sababu za nyuzi joto na wati. Moyoni sababu ilikuwa kioo. Kasha la kompyuta yangu lilikuwa na ubavu wa kioo, na nyuma ya kioo kile nilitaka mabomba meusi yaliyojikunja vizuri na pampu yenye taa za kubadilika rangi, ili bibi harusi na mama yake wakija chumbani kwangu Tabata kuangalia kazi, wakae kwenye kochi waseme, "Huyu kijana yuko vizuri."

Walisema. Mmoja alipiga hadi picha.

Ninahariri video za sherehe: sendofu, kicheni pati, ndoa, mahafali. Kompyuta ndiyo jembe langu. Na kama vijana wengi wa kazi hii, niliiovakloki, yaani niliilazimisha prosesa iende kasi kuliko ilivyopangiwa kiwandani. Kutoka gigahezi 3.6 nikaipandisha hadi 4.3. Ili isiyumbe kwenye kasi hiyo nikaiongezea umeme, kutoka volti 1.20 hadi 1.35. Hapo ndipo hesabu inapouma, na hakuna aliyenifanyia kabla sijatoa hela. Joto la prosesa hupanda sambamba na kasi, lakini kwa volti hupanda kwa kipeo cha pili. Kasi yangu iliongezeka kwa asilimia 19. Joto likaongezeka kwa karibu asilimia 50. Video iliyokuwa ikitoka kwa dakika 60 ikawa inatoka kwa dakika 50. Nilinunua dakika kumi, nikaletewa na tanuri juu yake.

Tanuri lazima lipozwe, na hapo ndipo tunapogawanyika kama Simba na Yanga: maji au hewa? Kila kijana anayejenga kompyuta yake ya kwanza anaulizwa swali hilo, na karibu kila mara anayeuliza ameshalijibu. Maji ni ya wakubwa, hewa ni ya wanaoanza.

Mimi nasema hivi. Kwa kijana anayekula kwa kompyuta yake, anayeishi Dar es Salaam, Tanga, Mombasa au Unguja, jibu ni hewa. Na anayemshauri maji bila kumuuliza kwanza kama ana kiyoyozi, kama umeme wake hukatika, na kama kompyuta ikifa leo kesho atakula nini, huyo hamshauri. Anamtumia kama tangazo.

Niwape maji haki yao. Lita moja ya maji hubeba joto zaidi ya mara 3,000 ya linalobebwa na lita moja ya hewa kwa kila nyuzi moja inayopanda. Hilo ni la fizikia, halina ubishi. IBM walipoza baadhi ya kompyuta zao kubwa kwa maji tangu miaka ya 1960. Frontier, kompyuta kuu iliyoko Oak Ridge huko Tennessee, hupozwa kwa maji hadi leo. Sina ugomvi nao. Wao wana mafundi wa zamu na bajeti ya matengenezo. Mimi nina brashi ya kupakia rangi ninayofutia vumbi, na fundi mmoja Kariakoo ambaye simu yake hupatikana akitaka.

Lakini tuulize swali ambalo matangazo hulikwepa: maji yakishalibeba joto, hulipeleka wapi? Hulipeleka kwenye rejeta. Na rejeta hulimwaga wapi? Hewani, kwa feni. Maji ni mpagazi tu. Mwisho wa safari mzigo hushushwa kwenye hewa ile ile ya chumba chako. Chumba kikiwa na nyuzi 32, kama changu mwezi wa Februari, hakuna rejeta duniani itakayoshusha prosesa chini ya 32. Bibi yangu alikuwa na mtungi, na maji yake yalikuwa baridi kuliko chumba. Mtungi uliweza kwa sababu unatoka jasho: maji hupenya udongo, hugeuka mvuke na kuondoka na joto. Mfumo wa kompyuta haupozi kwa njia hiyo. Ukiona unatoka jasho, ujue umekwisha.

Kuna jingine lililonichekesha nilipolijua, ingawa nilikuwa nimechelewa kucheka. Kile kipozeo kikubwa cha hewa tunachokidharau, chenye mapezi ya alumini na vijibomba vya shaba, nacho kina maji ndani. Ni matone machache tu, yaliyofungiwa ndani ya vijibomba ambavyo hewa imenyonywa. Maji hayo huchemka upande unaogusa prosesa, mvuke hukimbilia kwenye mapezi, hupoa, hugeuka maji tena na kurudi yalikotoka. Hakuna pampu wala maungio ya mpira. Kinachozunguka ni feni peke yake, na feni hata ikifa naweza kuifunga nyingine ya ukubwa ule ule kwa kamba za plastiki na kuendelea na kazi kabla chai haijapoa. Anayebishana maji au hewa hajui kwamba mzozo huo ulishasuluhishwa zamani ndani ya kijibomba cha shaba.

Sasa nirudi chumbani kwangu. Kipozeo changu cha hewa kiliiweka prosesa kwenye nyuzi 85 wakati wa kurenda. Nilipokitoa nikafunga maji, ikawa 77. Nilishangilia zile nyuzi nane kama aliyefunga bao. Hakuna aliyeniambia kwamba nyuzi nane hizo hazikuniongezea hata sekunde moja. Nilikuwa nimeshaifunga prosesa kwenye gigahezi 4.3, haikujali iko 77 au 85, mradi haijafika kwenye kikomo ambapo hujipunguzia kasi yenyewe. Prosesa za siku hizi hujiongezea kasi kidogo zikiwa na ubaridi, nakubali, lakini ni kidogo ambacho bibi harusi hawezi kukiona. Nililipa shilingi 420,000 kwa tarakimu iliyoonekana kwenye skrini yangu peke yangu.

Miezi 14 baadaye, usiku mmoja, umeme ulikatika ukarudi, ukakatika tena ukarudi. Nilikuwa na harusi tatu mkononi, zote nimechukua malipo ya awali. Nikawasha kompyuta, ikawaka. Nikaanza kurenda, nikalala. Alfajiri nikaamka kwa kimya. Nikafungua kile kioo nilichokipenda. Kwenye ungio la bomba palikuwa na unyevu, kama kikwapa cha shati, na chini yake, juu ya kadi ya picha, matone manne. Niliyahesabu. Kimiminika cha mifumo hii hakipitishi umeme sana kikiwa kipya. Kikishakaa na vyuma mwaka mzima na kushuka juu ya vumbi la Tabata, kinaupitisha vizuri sana.

Muuzaji alinisikiliza kwa upole. Dhamana ilihusu mfumo wa maji, akasema, siyo kilicholoweshwa na maji. Na huo mfumo wenyewe ilibidi usafirishwe nje ya nchi, ukaguliwe, kisha nisubiri. Anayekushauri maji akiwa Ulaya au Marekani anakushauri akijua kwamba kikivuja, kingine kitakuwa mlangoni kwake ndani ya wiki. Ushauri wake ni mzuri kwa mlango wake.

Niliwarudishia wateja wawili hela zao. Wa tatu nilimhariria kwenye kompyuta ya kuazima, usiku, kwa masharti ya mwenyewe. Kilichobaki nikanunua kadi ya mtumba. Na fedha ya zile harusi tatu ilikuwa na kazi yake: ilikuwa ada ya muhula ya mdogo wangu, niliyomwahidi mama mbele ya wajomba kwamba mwaka huu ni juu yangu. Mdogo wangu aliandika barua ya kuahirisha masomo. Masomo yale hufundishwa mara moja kwa mwaka, kwa hiyo muhula mmoja ukawa mwaka mzima. Hakunilaumu. Alisema, "Usijali kaka, hata mimi nilikuwa nimechoka." Hakuwa amechoka.

Rafiki yangu mmoja, naye mhariri, ananiambia hoja yangu yote ni hasira. "Maji yamekumwagikia, sasa unataka nchi nzima iogope maji." Ana haki ya kusema hivyo. Yeye ana ofisi yenye kiyoyozi, ana betri ya akiba, ana kompyuta mbili, na mfumo wake wa maji una mwaka wa nne bila tone. Kisha anaongeza hoja inayonigusa zaidi: kwamba mimi nawafundisha watoto wa uswahilini kuridhika. Kwa nini bora iwe ya wengine na sisi tubaki na feni?

Nimeifikiria sana hoja hiyo, kwa sababu ndiyo iliyonipeleka dukani. Jibu langu ni kwamba imegeuza ubora kuwa cheo. Noctua, kampuni ya Austria, ilitoa kipozeo cha hewa kiitwacho NH-D15 mwaka 2014: feni mbili za milimita 140, uzito unaopita kilo moja. Bei yake inakaribiana na ya mifumo mingi ya maji, na wanaokinunua wana uwezo wa kununua maji. Hawakununua hewa kwa unyonge. Unyonge ni kuona aibu juu ya kitu kinachokufaa kwa sababu haking'ai kwenye kioo.

Simama kituoni uangalie. Bodaboda haina rejeta. Boxer na ndugu zake wengi hupozwa kwa upepo. Injini imekatwa mapezi mapezi, wazi, yanaonekana na yanafutika kwa kitambaa. Imebeba watu wawili, gunia na kuku, jua la saa nane, na jioni mwenyewe anahesabu hela. Daladala lina rejeta, na sote tumewahi kushushwa njiani gari limechemsha, kondakta anakimbia na dumu kutafuta maji. Mhandisi wa pikipiki hakushindwa kuweka maji. Alijua nani atakayeipanda, wapi, na ikiharibika ataitengeneza nani.

Sisemi maji yasinunuliwe. Kama una prosesa kama Intel Core i9-14900K, inayoruhusiwa kula hadi wati 253, na kasha lako ni dogo, na chumba kina kiyoyozi, na hela ya kununua kadi nyingine iko pembeni haina jina la mtu, nunua maji, ufurahie. Kama kompyuta ni burudani yako, ni haki yako pia. Burudani haihitaji ruhusa yangu. Ugomvi wangu ni na yule anayemwambia kijana wa jembe moja kwamba jembe hilo halijakamilika mpaka litiwe taa.

Na nikienda mpaka mwisho wa hoja, lazima niseme lililo gumu zaidi kwangu: hata ule uovakloki haukuwa na maana. Nilirudisha prosesa kwenye gigahezi 3.6, nikakipachika tena kile kipozeo cha hewa nilichokuwa nimekitupa chini ya kitanda, nikafuta vumbi, nikaweka pesti mpya. Video inatoka kwa dakika 60. Katika dakika zile kumi nilizozipoteza napika chai, au napokea simu za kamati za harusi. Hakuna mteja hata mmoja aliyewahi kugundua.

Novemba iliyopita nilikodiwa kurekodi sherehe ya mahafali ya msichana aliyeanza chuo pamoja na mdogo wangu. Msaidizi wangu aliugua, nikakosa wa kushika taa. Mdogo wangu akasema atakuja yeye. Akasimama saa tano nzima na ile taa, akiwamulika wenzake wakiwa wamevaa majoho, akicheka nao, akiwapangia mistari ya kupiga picha. Nilipofika nyumbani nikaweka video kwenye kompyuta. Feni ikaanza kuvuma. Mdogo wangu, aliyekuwa amejinyoosha kwenye kochi, miguu imemvimba, akauliza, "Hii kitu lazima ipige kelele hivi?"

Nikamwambia ndiyo, lazima. Akageukia ukutani, akalala.