Gari likiyumba, lipia uchunguzi kabla ya kununua spea

Mvua zinapoanza Nyanda za Juu Kusini, kati ya Novemba na Desemba, barabara nyingi za kutoka mashambani hugeuka tope. Mazao ya Umalila na Uporoto mkoani Mbeya, au ya Kilolo na Mufindi mkoani Iringa, hayawezi kufika barabara kuu bila gari lenye uwezo wa kupita kwenye makorongo. Ndiyo maana baadhi ya wamiliki wa Land Rover na Land Cruiser za kubebea mazao huyanyanyua magari yao kwa kubadili springi na kufunga matairi makubwa.

Uamuzi huo una mantiki ya kibiashara. Hata hivyo, una gharama ambayo wengi hawaihesabu, nayo ni usukani. Gari lililokuwa limetulia huanza kutetemeka, kuvuta upande mmoja au kutangatanga barabarani. Shambani kasoro hiyo ni kero tu, lakini kwenye mteremko wa Kitonga au wa Iwambi, gari likiwa na mzigo na lori likiwa nyuma yake, ni suala la uhai.

Tatizo linazidishwa na jinsi kasoro hiyo inavyotafutiwa dawa. Katika gereji nyingi fundi hulipwa kwa kufungua na kufunga, halipwi kwa kutafuta chanzo. Matokeo yake ni mwenye gari kununua tairodi, kisha shokapu, kisha ile shokapu ya usukani, na gari likaendelea kuyumba. Fundi asilaumiwe peke yake, kwa kuwa mteja ndiye anayekubali kulipia kifaa na kukataa kulipia nusu saa ya kuchunguza.

Nusu saa hiyo inaweza kubainisha mengi. Gari linalotetemeka kwenye mwendo fulani tu, kisha likatulia mwendo ukibadilika, kwa kawaida linahitaji kufanyiwa balansi ya matairi au lina rimu iliyopinda. Gari linalovuta upande likaguliwe upepo kwanza, kisha matairi ya mbele yabadilishane kushoto na kulia. Likianza kuvutia upande wa pili, kosa ni la tairi. Likivuta wakati wa kufunga breki tu, breki ndizo za kuangaliwa.

Hatari zaidi ni mtetemeko mkali unaoanza gari likikanyaga shimo, usiokoma mpaka dereva apunguze mwendo. Hapo mtu mmoja akae kwenye usukani na kuuzungusha kidogo kushoto na kulia, injini ikiwa inaunguruma na matairi yakiwa chini, huku mwenzake akitazama kila kiungo kuanzia boksi la usukani hadi kwenye magurudumu. Kiungo kinachocheza kabla ya tairi kugeuka kitaonekana kwa macho. Baadaye gurudumu linyanyuliwe na kutikiswa juu na chini ili kupima beringi na kingi pini. Kufunga shokapu mpya ya usukani kabla ya ukaguzi huo ni kuficha ugonjwa, si kuutibu.

Ikiwa viungo vyote ni vizima, basi kunyanyuliwa kwenyewe kumekuwa chanzo. Kwenye gari lenye springi za koili mbele, kuliinua huizungusha ekseli na kupunguza mlalo wa kingi pini, ambao mafundi huuita kasta. Mlalo huo ndio unaourudisha usukani katikati baada ya kona. Ukipungua, gari hutangatanga. Aidha, fimbo inayounganisha boksi la usukani na gurudumu hukaa mshazari zaidi, hivyo kila shimo hugeuza tairi bila dereva kutaka. Tairodi mpya haiwezi kuponya hayo. Kinachotakiwa ni kurekebisha pembe hizo au kulishusha gari.

Ni vyema pia mmiliki ajue anachonunua. Springi huinua bodi, haziinui difu, na difu ndilo linalokwama kwenye tope. Matairi ndiyo yanayoliinua, tena kwa nusu tu ya ongezeko la kipenyo: kutoka inchi 29 hadi 32, difu hupanda inchi moja na nusu. Kwa faida hiyo ndogo viungo vya usukani hubeba uzito zaidi, na spidomita isiporekebishwa hudanganya. Ikisoma kilomita 80 kwa saa, gari linakwenda takribani 88.

Wakati umefika kwa wasafirishaji wa mazao kubadili namna ya kulipa. Uchunguzi uwe kazi yenye bei yake, inayolipwa hata kama hakuna kifaa kilichobadilishwa, na fundi aonyeshe kiungo kinachocheza kabla ya mtu kutumwa dukani. Vyuo vya VETA vya Mbeya na Iringa vinaweza kusaidia kwa kuwapa mafundi wa gereji za mitaani mafunzo mafupi ya kupima usukani wa magari yaliyonyanyuliwa.

Mfanyabiashara hakubali kununua gunia la viazi bila kuliangalia. Hana sababu ya kununua spea kwa kubahatisha, ilhali spea hiyo ndiyo itakayoamua kama viazi hivyo, na waliovipakia, vitashuka Kitonga salama.