KOO LA MTOTO, SEHEMU YA 3: KIMEO HAKILETI KIKOHOZI!

Mama, huku kwetu Singida mtoto akikohoa wiki mbili tu, utasikia: "Huyo ana kimeo, mpeleke akakatwe." Leo tusemezane ukweli.

Kimeo ni kile kinyama kinachoning'inia nyuma ya koo. Kila mtu anacho. Simama mbele ya kioo, fungua mdomo, utakiona chako. Mtoto akiugua koo nacho kinavimba, ila hakijaleta ugonjwa. Kikohozi kinaletwa na mafua, nimonia, pumu, wakati mwingine TB. Ukikata kimeo, nimonia inabaki kifuani inaendelea na kazi yake.

Wengine mnaniuliza, "Nesi, mbona hata hospitali wanakata tonsesi?" Jamani, si kitu kimoja! Tonsesi ziko mbili, pembeni mwa koo. Nyama za puani ziko nyuma ya pua. Daktari hazitoi kwa sababu mtoto anakohoa. Anafikiria upasuaji mtoto akikoroma kila usiku, pumzi ikikata usingizini kisha akashtuka, au koo likimuuma vibaya mara 7 ndani ya mwaka 1, au mara 5 kila mwaka kwa miaka 2 mfululizo. Mtoto anapimwa kwanza, analazwa kwa dawa ya usingizi, vifaa ni safi. Na bado tunamwambia mzazi awe macho siku 10 hivi, maana damu inaweza kutoka hata akiwa ameshafika nyumbani.

Sasa niambie, kule kwa fundi damu ikigoma kukata, nani ataizuia? Kifaa kile kimemkata nani kabla ya mwanao? Pale mtoto anaweza kupata pepopunda, VVU, au kuishiwa damu kabisa.

Bibi akisema "hata baba yako alikatwa akapona", mjibu kwa heshima: "Shikamoo bibi, mafua huisha yenyewe hata asipokatwa mtu."

Hesabu pumzi za mtoto akiwa ametulia, dakika 1 nzima. Miezi 2 hadi 11: zikifika 50. Mwaka 1 hadi 5: zikifika 40. Au kifua kinabonyea ndani, au hawezi kunyonya. Nenda kituo cha afya SASA HIVI, hata kama ni usiku. Kikohozi kikizidi wiki 2, mlete apimwe.

Baba, na wewe soma. Nauli ya kwenda kwa fundi ingemfikisha zahanati.

Mtumie mama mwenzako. Sehemu ya 4: mtoto anayekoroma.