Stori ya "Nilianza na Laki Mbili" Haijakamilika

Wapambanaji wenzangu, leo sina mbinu ya kuongeza wateja. Naongelea hizi stori za "nilianza na sifuri, leo nina maduka matatu". Tunazipenda na tunazisambaza, ila mi naona zinatuumiza, kwa sababu zinakatwa katikati.

Chukua marehemu mzee Reginald Mengi. Wengi tunajua alianza kwa kuunganisha kalamu nyumbani kwake, na ni kweli alikulia kwenye umaskini kule Machame. Kinachoachwa ni kwamba kabla ya hizo kalamu alishasoma uhasibu Uingereza na kufanya kazi kwenye kampuni kubwa ya uhasibu.

Au Saniniu Laizer. Juni 2020 aliuza mawe mawili ya tanzanite kwa shilingi bilioni 7.74, mtaani tukasema masikini kaamka bilionea. Lakini alikuwa na ng'ombe wapatao 2,000. Ng'ombe elfu mbili ni umaskini jamani?

Sisemi hawakuhangaika. Walihangaika, ila walikuwa na pa kukanyagia.

Hata duka langu, watu wanasema dogo kaanza na laki mbili. Hiyo laki mbili ilikuwa ya bidhaa tu. Fremu ni ya shangazi, mwaka mzima sikulipa kodi. Fremu za jirani zilikuwa 80,000 kwa mwezi, kwa hiyo hapo ni 960,000. Chakula nilikula nyumbani. Piga 3,000 kwa siku, kwa mwaka inapita milioni moja. Jumlisha zote, mtaji wangu wa kweli ulizidi milioni mbili.

Sasa mama anayelipa kodi na kulisha watoto wawili akisikia "laki mbili inatosha", anaenda kukopa kausha damu. Tuseme kachukua 200,000, arudishe 260,000 ndani ya mwezi. Kwenye bidhaa za dukani ukipata faida ya 10% ya mauzo, hiyo 60,000 inataka auze 600,000. Yaani mzigo wake uishe kama mara tatu ndani ya mwezi, na hapo bado hajala wala hajalipa kodi.

Biashara ikifa tunamwambia hakujituma. Sio kweli. Alijituma sana, hesabu ndiyo ilikuwa imeshamkataa. Na waliofunga maduka hawaitwi redioni kuhojiwa, ndio maana tunasikia upande mmoja tu.

Kwa hiyo ukisikia stori ya mafanikio, uliza:

1. Kodi alikuwa analipa nani?
2. Alikuwa anakula wapi?
3. Mzigo ukigoma kutoka, nani angembeba?

Halafu chukua daftari lako. Andika hela ya bidhaa, kodi ya miezi sita, na chakula cha nyumbani cha miezi sita. Kama haijatimia, anza na meza nje ya nyumba, au uza kwa oda, mteja atangulize hela, huku kibubu kinajaa. Huo sio uoga, hiyo ni hesabu.

Na wewe uliyefanikiwa, siku ukisimulia ulipotoka, tafadhali mtaje na shangazi. Kuna mtu anakusikiliza akiwa na laki mbili yake ya mwisho mkononi.

Wewe ulibebwa na nani? Andika hapo chini, wenzako wajifunze.